JINJA: UMEME ULIONDOKA NA WAYA, KAZI IKAUFUATA

Na Mwandishi Wetu

Mtu anayesafiri kwa basi kutoka Mombasa au Nairobi kwenda Kampala, akiisha kuvuka mpaka pale Malaba na kuupita mji wa Iganga, huanza kuona miwa. Miwa kulia, miwa kushoto, na matrekta yenye matela marefu yakiisubiri nafasi ya kuingia barabarani. Hapo ni Kakira. Muda mfupi baadaye basi hufika kwenye daraja kubwa lililoning'inizwa kwa nyaya, na abiria waliosinzia huamshana ili waone mto Nile. Daraja lina urefu wa mita 525, kwa hiyo mto huonekana kwa nusu dakika tu. Kisha basi huendelea na safari ya kilomita 80 zilizobaki kufika Kampala.

Wanaoshuka Jinja ni wachache. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza katika ukurasa huu, maana mji ule ulijengwa ili watu washuke pale wafanye kazi.

Jinja uko mahali ambapo mto unatoka katika Ziwa Victoria. Kwa Kisoga na Kiganda neno lenyewe lina maana ya jiwe, na mto wenyewe wenyeji wanauita Kiyira. Mwingereza Speke alifika kwenye maporomoko hayo Julai 1862 akayapa jina la bwana mmoja wa kwao, Ripon. Mwaka 1907 alipita Winston Churchill, akayatazama maji yakianguka, na katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata akaandika kuwa nguvu ile ifungwe iendeshe mashine. Ilichukua miaka 40 na zaidi. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza tarehe 29 Aprili 1954, likiwa na nafasi ya mitambo kumi. Maporomoko ya Ripon yalizama chini ya maji siku zile zile, na leo anayekwenda kuyatafuta huonyeshwa mahali yalipokuwa.

VIWANDA VILIKUJA KWELI

Isidhaniwe kuwa mpango ule ulikuwa maneno matupu. Viwanda vilikuja. Shaba ilichimbwa Kilembe, magharibi kabisa ya Uganda chini ya milima ya Ruwenzori, ikapakiwa kwenye treni na kusafirishwa zaidi ya kilomita 400 ili ikayeyushwe Jinja, kwa sababu tanuru la shaba linakula umeme mwingi. Reli ya kufika Kasese ilikamilishwa mwaka 1956 kwa ajili hiyo hasa. Kiwanda cha nguo cha Nyanza, ambacho kila mtu alikijua kwa jina la Nytil, kilisokota nyuzi, kikafuma na kutia rangi pamba ya Uganda yenyewe, kikaajiri maelfu ya watu. Kulikuwa na chuma, sigara, bia, na sukari ya Kakira iliyoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930.

Kwa ajili ya wafanyakazi hao ilijengwa mitaa ya Walukuba, nyumba ndogo za safu moja, mstari baada ya mstari. Ndani yake waliishi Wasoga, Waganda, Wateso, watu wa kaskazini, na wengi kutoka Kenya, hasa Waluo na Waluhya. Katika mitaa kama ile, ambayo kila mmoja ana lugha yake, Kiswahili kilikuwa ndiyo njia ya kuelewana kazini na kwenye kilabu cha pombe jioni.

Wenzetu wa Kenya wanalikumbuka lililotokea mwaka 1970. Serikali ya Obote iliamuru wafanyakazi wa Kenya wasio na ujuzi maalumu waondoke, na maelfu walirudi makwao na mabunda yao, wengine baada ya kufanya kazi miaka mingi. Miaka miwili baadaye, Agosti 1972, Amin akawapa Waasia siku 90. Mwenye shamba akaondoka, fundi mkuu akaondoka, na aliyejua kuagiza vipuri kutoka ng'ambo akaondoka naye. Tunalisema hili bila kumsafisha bepari yeyote. Mishahara ya miaka ile haikuwa ya kujivunia. Lakini mashine haijui siasa. Beringi ikivunjika na hakuna nyingine, kitengo kizima kinasimama. Kufika mwisho wa miaka ya 1970 kazi ya shaba ilikuwa imekwisha, na miwa ya Kakira ilikuwa inageuka kichaka. Familia ya Madhvani ilirudi mwaka 1985 na sukari ikafufuka. Shaba haikufufuka.

KWA NINI UMEME HAUKUWAZUIA

Watu wengi huishia hapo: Amin aliua Jinja. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kampala nayo ilipigwa na Amin, tena ikapigwa na vita vya baada yake, lakini Kampala imekua hadi imevimba, na Jinja haikukua. Hesabu ya watu ya mwaka 1991 iliwakuta watu 65,000 hivi mjini Jinja. Ya mwaka 2002 iliwakuta 71,000 hivi. Miaka kumi na moja, ongezeko la watu 6,000, katika nchi ambayo watu wake wanazaliana upesi kama Uganda! Huo ni mji ambao vijana wake wanahama.

Sababu ya pili haikuja na bunduki. Umeme unasafiri. Mkaa wa mawe wa Ulaya ulikuwa mzito, na kiwanda kililazimika kuufuata mahali ulipo. Ndiyo maana miji ya mkaa ilikua. Umeme wa bwawa hupanda juu ya nguzo na kwenda popote. Tangu mwanzo waya ulivutwa kwenda Kampala, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ukavutwa mwingine kwenda Kenya, ukipeleka megawati 30. Leo mwenye kiwanda Kampala analipa kwa yuniti bei ile ile anayolipa mwenzake aliye hatua chache kutoka kwenye mitambo.

Sasa jiweke katika nafasi ya tajiri anayetaka kujenga kiwanda cha sabuni. Umeme ni bei moja. Wanunuzi wengi wako Kampala. Benki kubwa, wizara, ofisi ya leseni na ya kodi ziko Kampala, na uwanja wa ndege uko Entebbe. Serikali imetenga eneo la viwanda Namanve, nje kidogo ya Kampala, kwenye barabara hiyo hiyo ya Jinja. Atakwenda Jinja kwa sababu gani? Kutazama mto?

Kama Jinja ingeuziwa umeme kwa bei nafuu kidogo kuliko miji mingine, kwa kuwa ndiyo iliyotoa ardhi yake na maporomoko yake, hesabu ya tajiri yule ingebadilika. Na si umeme mdogo. Bwawa la zamani, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lina megawati 180. Kiira, lililojengwa kando yake na kuanza kazi mwaka 2000, lina 200. Bujagali, kilomita chache chini ya mto, lilifunguliwa Oktoba 2012 na lina 250. Jumla ni megawati 630 katika kipande cha mto ambacho mtu mwenye baiskeli anakimaliza kabla ya saa moja kwisha. Hata hivyo mwaka 2005 na 2006, ukame na kufungulia maji kupita kiasi vilipolishusha ziwa, umeme ulikatwa nchi nzima, na viwanda vya Jinja vilisimama pamoja na vingine huku wafanyakazi wake wakiusikia mto ukipita.

MTO MMOJA, HALMASHAURI MBILI

Kuna jambo jingine ambalo msafiri halioni. Mto Nile ni mpaka wa zamani kati ya Busoga na Buganda. Ng'ambo ya mashariki ni Jinja. Ng'ambo ya magharibi ni Njeru, ambayo iko katika wilaya ya Buikwe na ina halmashauri yake. Nytil, ambayo baada ya kubinafsishwa miaka ya 1990 ikaitwa Southern Range Nyanza, iko Njeru. Kiwanda cha bia cha Nile Breweries kiko Njeru. Watu wanasema viko Jinja, na hata kwenye anwani ya posta huandikwa Jinja, lakini ushuru wa majengo hauvuki daraja. Mfanyakazi anaweza kulala upande mmoja, akapeleka watoto shule upande huo, na kodi ya kiwanda anachokifanyia kazi ikajenga barabara upande wa pili. Mpango wa kuuendeleza ukingo wa mto ukianza upande mmoja tu, ni sawa na kushona suruali ya mguu mmoja.

Na huo ukingo wenyewe umekaliwa na nani? Kwenye maji kuna uwanja wa gofu, maarufu kwa sababu zamani mpira ukidumbukia katika unyayo wa kiboko mchezaji aliruhusiwa kuuondoa bila adhabu. Kuna gereza kwenye rasi ya Kirinya. Kuna mahoteli, na bustani ambayo mtalii hulipa kiingilio aone chanzo cha Nile na sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake yalimwagwa pale mwaka 1948. Wavuvi wako Masese, pembeni.

Hatudharau utalii. Tangu mwaka 1996 wageni wamekuwa wakija kupanda mashua za mpira kwenye mawimbi ya mto, na vijana wa vijijini wakajifunza kuziongoza wakapata mishahara. Lakini angalia lililowapata. Mwaka 2011 bwawa la Bujagali liliyafunika maporomoko yaliyokuwa yakiwaleta wageni, na kazi ikalazimika kuhamia chini zaidi ya mto. Nchi ilihitaji umeme, ni sawa. Ila umeme huo nao ulipanda juu ya nguzo ukaenda zake.

Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinakataza ujenzi ndani ya mita 100 za ukingo wa mto mkubwa na mita 200 za ufuko wa ziwa. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda kufika kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa, lilikuja lenyewe kukagua nani alizifuata.

GATI NA RELI

Kama tungeulizwa ni nafasi ipi iliyopotea kwa uchungu zaidi, tungejibu: gati. Reli ya kwanza kujengwa ndani ya Uganda ilianzia Jinja. Mwaka 1912 ilifika Namasagali, ambako mizigo na pamba zilihamishiwa meli za Ziwa Kyoga. Mwaka 1931 daraja la reli likavuka Nile na treni ya kutoka Mombasa ikafika Kampala. Jinja ikawa na reli, mto, na gati la ziwani, vyote vitatu pamoja. Miji mingapi ya Afrika Mashariki ina hivyo?

Namasagali ilifungwa miaka ya 1960 na majengo yake yakawa shule ya sekondari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli na meli ziligawanywa, na kila nchi ikabaki na kipande chake. Mwaka 2005 meli ya mabehewa ya Uganda, Kabalega, iligongana na mwenzake Kaawa ikazama. Wakati Kenya imelikarabati gati la Kisumu, Uganda imeelekeza macho Bukasa, karibu na Kampala, ambako imepangwa bandari mpya. Mafuta nayo yameanza kuletwa kwa meli kutoka Kisumu, lakini meli hizo zinakwenda kwenye gati jipya upande wa Entebbe. Zinaipita Jinja, ambayo kutoka Kisumu ndiyo iliyo karibu zaidi.

Mfanyakazi atauliza: haya yananihusu nini? Yanamhusu hivi. Palipo na gati pana kuli, karani wa mizigo, fundi wa meli, mama ntilie na dereva, na kazi zao hazimtegemei mwajiri mmoja. Palipo na miwa peke yake, mkata miwa hana pa kwenda akikataa malipo. Nguvu ya chama mezani hupungua mwajiri anapojua kuwa nje ya lango kuna vijana mia wasio na kazi. Kumbukeni kwamba kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, pesa ambazo leo hazimtoshi mtu chakula cha siku. Bunge lilipitisha mswada wa kukibadilisha mwaka 2019. Rais hakuutia saini.

Julai 2020 Jinja ilipandishwa kuwa jiji. Mipaka yake ilipanuliwa ikaingiza Bugembe, Mafubira na Budondo, hivyo idadi ya watu ikaruka kwa kalamu. Njeru ilibaki nje. Na Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Reli hiyo haina njia nyingine ila kuuvuka mto Nile. Mizigo ya Jinja itapakiwa wapi, karakana zitajengwa wapi, na je, njia itavutwa tena mpaka gatini? Hayo ndiyo maswali ambayo vyama vya wafanyakazi vya pande zote mbili za mto vingefaa kuyapeleka sasa, kabla zege halijamwagwa.