Sarafu ya koko yenye tundu: ni kasoro ya kweli ao hapana?

Siku hizi kwenye simu kunapita video zinasema: angalia mufuko wako, ukikuta sarafu yenye kasoro ya kiwanda, utakuwa tajiri. Hapa kwetu Mweso tunacheka kwanza. Sarafu gani? Wakati falanga ya Kongo ilitoka tarehe 30 Juni 1998, hata santimu moja ilikuwa ya karatasi. Sokoni tunashika noti tu.

Lakini mu nyumba za wazee sarafu ziko bado, mu kopo ao chini ya sanduku. Siku mutu akipita anazitafuta, ni muzuri ujue kwanza yenye uko nayo.

Yenye haiko kasoro

Tundu katikati haiko kasoro. Sarafu za shaba za wakati wa mufalme Leopold II, tangu 1887, zilitengenezwa vile. Pembe sita pia haiko kasoro: falanga 2 ya 1943, yenye tembo, ilipigwa Philadelphia kule Marekani, juu Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Maandiko mawili, "Congo Belge" na "Belgisch Congo", ni Kifaransa na Kiflama. Na sengi 10 ya 1967, yenye chui, ni nyepesi juu ni ya aluminiyomu.

Kasoro inazaliwa namna gani?

Kiwanda kinakata vipande vya chuma. Kila kipande kinaingia katikati ya mihuri mbili, mashine inagonga. Kipande kikisogea, picha inakaa pembeni na upande mwingine unabaki mutupu. Kikigongwa mara mbili, maandiko yanafuatana kama kivuli.

Kuna pia kuchanganya mihuri. Mu 1936, Uingereza ilikuwa inatengeneza sarafu zenye tundu za makoloni yake ya Afrika ya Mashariki na ya Magharibi. Hazikuwa na sura ya mufalme, zilifanana. Peni zingine za Magharibi zikatoka na upande mumoja wa senti 10 ya majirani wetu wa Uganda, Kenya na Tanganyika. Ile ndiyo kasoro yenye wakusanyaji wanatafuta.

Angalia hivi

Nyundo, moto na kutu vinakuja nyuma, sarafu ikiisha kutoka kiwandani. Nyundo inasukuma chuma na kuacha kovu. Kasoro ya kweli haina kovu: fasi yenye picha inakosa, chuma kiko laini. Kama hauna kioo cha kukuza, kamera ya simu inatosha.

Usisugue sarafu na muchanga, majivu ao ndimu. Wewe unaona inangaa, lakini mukusanyaji anaona imeharibika, na bei inashuka. Ipige picha pande zote mbili, andika mwaka wake.

Na hii ndiyo kubwa: mutu akikuambia sarafu yako ni ya maelfu ya dola, lakini utume kwanza feza kidogo "ya kufungua dosie", kata simu. Munuzi ndiye analipa, haiko muuzaji. Ukitoa dola 20 zako za mbegu juu ya ile ahadi, sarafu itabaki mu kopo na shamba litabaki tupu.

Sarafu nyingi za wazee wetu hazina kasoro wala bei kubwa. Lakini ziko zetu. Kama hauna hakika, zirudishe mu kopo, hazitaoza.