Mirathi ya Mikono ya Mama Katika Nchi ya Wakipsigis

Katika nchi ya Wakipsigis, tangu vilima vya Kericho vilivyofunikwa na chai hata nyanda za Bomet na Chepalungu, ustadi wa mwanamke ulihesabiwa kuwa ni mali ya aila nzima, na alipofariki, waliobaki walimkumbuka kwanza kwa kazi ya mikono yake, kabla hata ya kutaja wanawe na ng'ombe wake.

Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa mchumaji wa chai kama jirani zake, akitoka alfajiri na kikapu mgongoni kuchuma majani mawili na kichipukizi, na kuwahi kituo cha kununulia kabla lori la kiwanda halijapita. Lakini hadhi yake mbele ya wanawake wenzake haikutokana na kilo za majani, bali na sotet, kibuyu cha kugandishia maziwa yaitwayo mursik. Alikichagua kibuyu kingali kinaning'inia uani, akakikausha, akakitoa mbegu, akakishonea mfuniko wa ngozi, akakipamba kwa shanga na kauri zilizosafiri kutoka pwani. Kisha aliunguza vijiti vya mti wa senetwet hata vikawa makaa, akavitia ndani vingali vyekundu, akaviponda na kuvisugua kwa sosiot, ule ufito mrefu ambao ncha yake hupondwa ikawa nyuzinyuzi, hata ndani ya kibuyu kukawa kweusi kunakong'aa; ndipo alipomimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa, akafunika, akangoja siku kadhaa. Na kibuyu kilipopata ufa hakukitupa: alitoboa matundu membamba kandokando ya ufa, akaushona, akapanga shanga juu ya mshono, na mgeni akadhani pambo lile lilikusudiwa tangu mwanzo. Kimoja cha namna hiyo tunacho hadi leo, na mursik yake haivuji.

Wakimbiaji wetu warudipo Nairobi na medali hupokewa kwa mursik, na picha zao huenea duniani kote. Ni nadra kusikia mtu akiuliza ni mama gani aliyekiandaa kibuyu kile.

Wazee walikuwa na njia yao ya kutomwacha marehemu apotee. Mtoto alipozaliwa, wanawake wazima walikusanyika wakayaita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, huku mtoto akinusishwa ugoro. Na jina lililokuwa likitajwa alipopiga chafya ndilo lililokuwa lake, kwa kuwa waliamini kwamba mwenye jina hilo amerejea. Hii ndiyo kurenet. Waumini wa leo wana rai mbalimbali juu ya itikadi hiyo, nami siwalaumu. Lakini ni dhahiri kwamba ili kuyaita majina hayo ilibidi kwanza yawe yamehifadhiwa, na wahifadhi walikuwa ni mama hao hao.

Usanii wa kuimba haukubahatika hivyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet akanasa sauti za mabinti wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, wimbo wa kumsifu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko, nao kwa ubunifu wao, kama Tracey alivyoeleza, wakamfanya kiumbe nusu mtu na nusu swala. Wimbo huo umesikilizwa na watu wa mbali wasiojua Kericho iko wapi, na zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zake zilirejeshwa kwa wenyeji. Jina la Chemutoi Ketienya, aliyeongoza, liliandikwa. Wenziwe waliandikwa mabinti wa Kipsigis tu. Hao walikuwa mama zetu na nyanya zetu watarajiwa, na wengi wao wameaga dunia bighairi ya wajukuu kujua kwamba sauti ile ni ya kogo, yaani nyanya yao.

Siku hizi msiba una turubai, vipaza sauti, na wasifu wa marehemu uliochapishwa pamoja na picha yake. Nimesoma wasifu wa namna hiyo mara nyingi, na aghalabu hutaja mwaka wa kuzaliwa, ndoa, idadi ya watoto na shule walizosoma, kanisa na kikundi cha akina mama, kisha maradhi yaliyomwondoa. Ilhali vibuyu alivyovishona, nyimbo alizotunga na hadithi za zimwi Chemosit alizowasimulia watoto jioni hazipati hata mstari mmoja. Wakati huohuo madumu ya plastiki yanachukua nafasi ya sotet, na mashamba yaliyojaa chai hadi mlangoni hayaachi ua wa kutambazia mmumunye wa vibuyu.

Basi, ewe msomaji uliye na mama aliye hai huko Litein, Bomet, Sotik au kwingineko, mwendee upesi, uketi naye anaposugua kibuyu, umwulize amejifunza kwa nani, unase sauti yake akiimba, na uyaandike majina ya waliomfundisha.