Kuufundisha Ubongo Kufurahi Tena

Mgonjwa amelala chali ndani ya mashine ya MRI, masikio yamezibwa kwa sababu ya makelele, haruhusiwi kutikisa kichwa. Kwenye skrini anaona mstari mwekundu. Ameambiwa akumbuke jambo lililowahi kumfurahisha, na kwa kumbukumbu hiyo aupandishe mstari ufikie alama ya buluu. Sekunde 40 zikiisha anapumzika, au anahesabu kurudi nyuma kuanzia 300, kisha anaanza upya.

Hayo yalifanyika Tulsa, Oklahoma, katika Taasisi ya Laureate ya Utafiti wa Ubongo, na Kymberly Young na wenzake. Mstari ule hufuata amigdala ya kushoto, kijisehemu kilichojificha ndani kabisa ya ubongo. Tumezoea kuisikia amigdala kwenye habari za hofu, hivyo mtu angedhani dawa ni kuituliza. Kwa wenye sonona tatizo ni jingine: jambo la furaha likija, amigdala haichangamki inavyopaswa. Ndiyo maana walifundishwa kuiamsha. Si kazi rahisi, kwani mashine haisomi mawazo. Inafuatilia damu yenye oksijeni inayokwenda palipo na kazi, na damu huchelewa sekunde kadhaa. Unawaza sasa, jibu linakuja baadaye.

Mwaka 2017 walichapisha matokeo ya wagonjwa 36 wasiotumia dawa, waliofanya mazoezi kwa vipindi viwili tu. Kati ya 19 waliofuatilia amigdala, 12 dalili zao zilipungua kwa zaidi ya nusu. Lakini kwangu utamu uko kwa wale 17 waliobaki. Nao waliingia kwenye mashine, wakakumbuka furaha zao vilevile, ila mstari waliouona ulitoka sehemu nyingine ya ubongo, isiyohusishwa na hisia, na hawakujua. Waliopata nafuu ya kiwango hicho ni wawili. Basi kukumbuka mazuri peke yake, ushauri ambao kila shangazi huutoa bure, hakukutosha. Ilibidi mtu aonyeshwe ni kumbukumbu ipi iliyogusa penyewe.

Watu 36 ni wachache, na saa moja ya MRI si ya bei ya mnyonge. Hata hivyo, wanaonitia wasiwasi zaidi ni wauzaji wa vifaa vya kuvaa kichwani wanaoahidi utulivu wa hisia ukiwa sebuleni kwako. Vifaa hivyo hunasa umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa, na amigdala iko mbali na ngozi. Anayekuuzia kimoja, muulize kinapima sehemu gani.