Taa, mwezi na sambaza wa Idjwi

Msomaji wa Mumosho ameniandikia baada ya mapumziko ya siku nne kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu. Mananasi aliyala mpaka ulimi ukawasha, na jioni ya kwanza akaletewa ugali na sambaza wa kukaanga kwa pilipili. Jioni ya tatu akaambiwa sambaza hakuna, mwezi umejaa. Anauliza: mwezi na samaki wapi na wapi?

Mchana, vijidudu vya majini, vidogo kuliko punje ya ulezi, hujificha chini gizani visionekane. Jua likizama hupanda kula mwani. Wataalamu huviita planktoni. Mimi nataka tuviite vielea. Mhariri wangu anakataa: kitu kinachopanda na kushuka kila siku hakielei, kinaogelea. Lakini mkondo ukija, hakina nguvu ya kuukaidi. Basi, vielea.

Sambaza hufuata vielea, na huwinda kwa macho. Usiku wa giza anahitaji mwanga, na mvuvi anao.

Fikiria mtaa wa Bukavu umeme ukikatika. Duka moja lina taa ya sola. Kwanza huja wadudu, kisha watoto, kisha mama wa karanga anahamisha sinia lake, kisha vijana wa kuchaji simu. Nusu saa haijapita, mtaa mzima uko pale barazani, na hakuna aliyeitwa. Sasa umeme urudi! Kila mmoja anashika njia ya kwake, na taa ileile, kwa mwanga uleule, haitazamwi tena. Mwezi mpevu ndio huo umeme uliorudi. Ziwa zima linang'aa, sambaza wanatawanyika, taa ya mvuvi inapotea ndani ya mwanga mkubwa zaidi.

Kivu ina jambo lake pia. Kuanzia mita 70 hivi kwenda chini maji hayana oksijeni, kwa hiyo sambaza hana kina cha kukimbilia. Wavu unashushwa kutoka mitumbwi mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu, unangoja chini ya duara la mwanga, kisha unavutwa juu.

Na huyu samaki ni mgeni. Aliletwa 1959 kutoka Ziwa Tanganyika, pamoja na dagaa wa aina nyingine ambaye hakudumu. Mwenyewe asingefika: kutoka Kivu hadi Tanganyika, mto Ruzizi unashuka karibu mita 700, ukipita hapohapo Mumosho, penye bwawa la Ruzizi II. Samaki wa urefu wa kidole hapandi ngazi hiyo.

Safari ijayo, hesabu siku. Kila usiku mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo siku nne au tano baada ya kujaa, saa za mwanzo za usiku huwa giza. Kaa ufukweni uone taa zikiwaka majini moja baada ya nyingine. Alfajiri uwahi mwaloni, kabla wachuuzi hawajabeba sambaza wote kwenda Bukavu.