Fukuoka Peke Yako kwa Bajeti Ndogo: Panga Pesa Zako Zisikwame Njiani

Mkenya akisikia Japani hufikiria Tokyo, na akifikiria Tokyo hufikiria bei. Lakini kuna jiji jingine linaloitwa Fukuoka, kwenye kisiwa cha Kyushu kusini-magharibi mwa nchi, ambalo linamfaa sana mtu anayesafiri peke yake na hana pesa za kuchezea. Lina watu kama milioni 1.6, kwa hivyo si kijiji. Hata hivyo mambo yake ni pole pole: ufuo wa bahari uko jijini, bustani kubwa ni za bure, na kutoka uwanja wa ndege hadi kituo kikuu cha Hakata ni vituo viwili tu vya treni ya chini ya ardhi.

Leo tutaongea kuhusu kitu kimoja ambacho watu husahau wakipanga safari kama hii: pesa zako zitatoka mfukoni vipi ukifika huko. Ukisafiri na marafiki, kadi yako ikikataa mmoja wao analipa na mnamalizana baadaye. Ukiwa peke yako, saa nne usiku, mbele ya bakuli la tambi ulilokwisha kula, hakuna wa kumpigia umwambie "nitumie mia tano". Till hakuna, Paybill hakuna, na ajenti wa kutolea pesa hakuna.

Kwa hivyo usipange bajeti ya siku ngapi tu. Panga pia ni pesa ngapi utalipa kwa njia gani.

Bei zenyewe ni ngapi?

Kwanza tuelewane kuhusu yeni. Kwa viwango vya hivi karibuni, yeni 1,000 ni kama shilingi 850. Kiwango hubadilika kila siku, kwa hivyo angalia tena kabla ya kusafiri, lakini kwa hesabu ya haraka ukiwa dukani unaweza kuichukulia yeni kama shilingi iliyopungua kidogo. Hiyo peke yake inaondoa hofu nyingi.

Sasa tuchukue siku moja ya msafiri asiye na makuu. Haya ni makadirio, si bei ya kuapia:

- Kitanda katika hosteli ya kulala wengi: yeni 3,500
- Kodi ya malazi ya Fukuoka: yeni 200 kwa usiku
- Kiamsha kinywa cha dukani: yeni 500
- Chakula cha mchana: yeni 900
- Chakula cha jioni: yeni 1,500
- Usafiri: yeni 640
- Viingilio, vitafunio na vinywaji: yeni 800

Jumla ni yeni 8,040, karibu shilingi 6,800 kwa siku. Kwa siku 5 ni yeni 40,200, yaani kama shilingi 34,000. Tiketi ya ndege haimo humo, na hiyo ndiyo mzigo mkubwa zaidi. Kutoka Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja. Tafuta tiketi inayokufikisha Fukuoka kwenyewe kupitia mji kama Seoul, Bangkok au Hong Kong. Ukishukia Tokyo kwa sababu tiketi ni rahisi kidogo, treni ya kasi hadi Hakata huchukua kama saa 5 na nauli ni zaidi ya yeni 20,000 kwenda tu. Hapo ile nafuu imekwisha.

Angalia pia tarehe kabla ya kulipia hosteli. Wikendi, na siku ambazo kuna tamasha kubwa la muziki jijini, vitanda hupanda bei sana. Katikati ya wiki ni nafuu.

Gawa hizo pesa mara tatu

Tuchukue zile yeni 40,200 tuzigawe kwa jinsi zitakavyolipwa.

Za kulipia mtandaoni kabla hujaondoka: hosteli, yeni 17,500.

Za kulipa kwa kadi ukiwa huko: usafiri yeni 3,200 na kiamsha kinywa yeni 2,500, jumla yeni 5,700.

Za kulipa kwa noti na sarafu: chakula cha mchana, cha jioni, viingilio, vitafunio, na kodi ya malazi ambayo hosteli nyingine huidai mapokezi. Jumla yeni 17,000.

Umeona? Karibu nusu ya bajeti ni pesa taslimu. Si lazima zote ziende hivyo, kwa sababu mikahawa mingi siku hizi inakubali kadi. Lakini ukipanga hivi, kadi ikikubaliwa ni faida, na ikikataliwa bado unakula.

Kadi ya mtandaoni inafaa wapi, na inakwama wapi

Wengi wetu tuna kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi ya simu. Ni nzuri sana kwa ile sehemu ya kwanza: kulipia hosteli, tiketi ya ndege, na eSIM ya intaneti. Unaweka salio la kile unacholipia tu, basi.

Lakini elewa mipaka yake. Kadi isiyo na plastiki huwezi kuitumbukiza kwenye ATM. Kama haijaunganishwa na simu kwa malipo ya kugusisha, huwezi pia kuitumia dukani. Kwa hivyo beba angalau kadi moja ya plastiki ya Visa au Mastercard yenye PIN unayoikumbuka, na ikiwezekana mbili kutoka sehemu tofauti. Moja ikae kwenye pochi, nyingine kwenye begi. Usiziweke pamoja.

Kuna jambo jingine dogo linaloumiza watu: OTP. Malipo mengi ya mtandaoni hayakamiliki hadi uweke namba ya siri inayotumwa kwa SMS kwenye laini yako ya Kenya. Ukitoa laini hiyo ukaweka ya Japani, au ukiondoka bila kuwasha roaming, SMS haikufikii. Suluhisho ni rahisi: washa roaming kabla ya kuondoka ili laini ya Kenya ipokee SMS, kisha tumia eSIM kwa intaneti. Zima data ya roaming ili usikatwe pesa bila kujua. Na usitegemee USSD ukiwa mbali. Hakikisha programu ya simu inafunguka na PIN yako unaijua.

Malipo ya QR ya kule, kama PayPay, utayaona kila mahali. Kujisajili kwa kawaida kunataka namba ya simu ya Japani, kwa hivyo usiyaweke kwenye mpango wako.

Kupata noti bila kukatwa sana

Maduka ya 7-Eleven yako karibu kila mtaa, na ndani yake kuna ATM za Seven Bank zinazokubali kadi za kigeni na zina maelezo ya Kiingereza. Mengi ya maduka haya hayafungwi usiku. ATM za benki ya posta pia zinakubali kadi za nje.

Kila ukitoa pesa kuna makato, na mara nyingi benki yako hukata pia kwa kubadilisha fedha. Ukitoa yeni 3,000 mara sita utakatwa mara sita. Afadhali utoe mara mbili: yeni 10,000 ukifika, na nyingine katikati ya safari.

Na mashine au keshia akikuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi au kwa yeni, chagua yeni. Ukichagua shilingi, anayebadilisha ni wao, kwa kiwango chao, na mara nyingi kiwango hicho ni kibaya kuliko cha kadi yako.

Noti nazo zina mambo yake. Tarehe 3 Julai 2024 Japani ilitoa noti mpya za yeni 1,000, 5,000 na 10,000. Za zamani bado ni halali. Shida ni kwamba migahawa midogo ya tambi hutumia mashine ya tiketi mlangoni: unaweka pesa, unabonyeza chakula, unapewa tiketi, unampa mpishi. Mashine nyingine hukubali noti za 1,000 na sarafu tu, na zilizozeeka zinaweza kukataa noti mpya. Kwa hivyo vunja ile noti ya 10,000 dukani kwa kununua maji, na tembea na sarafu za 100 na 500. Yeni 500 ni sarafu, lakini thamani yake ni zaidi ya shilingi 400. Usiiache mezani ukidhani ni chenji ndogo. Na bakshishi haitolewi kule.

Kuzunguka jijini

Ukishukia jengo la ndege za kimataifa, panda basi la bure hadi jengo la ndege za ndani, ndiko treni ya chini ya ardhi iliko. Hadi Hakata ni kama dakika 5, hadi mtaa wa Tenjin kama dakika 11, na nauli ni yeni 260.

Kwenye treni hizi za jiji unaweza kugusisha kadi yako ya benki getini, na kwa siku moja hukatwi zaidi ya yeni 640 hata ukipanda mara kumi. Tumia kadi ile ile kuingia na kutoka, siku nzima. Ukibadilisha, mfumo unakuona kama mtu mwingine.

Chaguo la pili ni kadi ya usafiri unayoijaza pesa, kama Hayakaken, SUGOCA au nimoca. Unaacha amana ya yeni 500, unaijaza kwa noti kwenye mashine ya kituoni, kisha unaitumia kwenye treni, mabasi na hata madukani. Kwa msafiri wa peke yake ni akiba nzuri: kadi ya benki ikifungwa ghafla, hii bado inakufikisha hosteli na kukununulia chakula.

Kula na kutembea

Fukuoka inajulikana kwa yatai, vibanda vya chakula vinavyofunguliwa jioni, hasa Nakasu, Tenjin na Nagahama. Viti ni vichache, mnakaa bega kwa bega, na mtu aliye peke yake hupata nafasi haraka kuliko kundi. Angalia kama bei zimeandikwa, agiza angalau kitu kimoja, kula, kisha wapishe wengine. Beba noti.

Tambi za Hakata hupikwa kwa supu ya mifupa ya nguruwe. Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kuketi. Jiji lina msikiti, Masjid Al Nour, uliofunguliwa mwaka 2009 mtaa wa Hakozaki. Unaweza kuanzia hapo kuulizia chakula cha halali.

Vya bure ni vingi: Bustani ya Ohori na ziwa lake, magofu ya ngome ya Fukuoka pembeni yake, hekalu la Kushida, na ufuo wa Momochi. Ukitaka kutoka kidogo, treni ya Nishitetsu kutoka Tenjin hukufikisha Dazaifu kwa kama nusu saa. Huko kuna hekalu la Sugawara no Michizane, msomi aliyefariki mwaka 903, na wanafunzi huenda kuombea mitihani yao. Ukisafiri Julai, tarehe 15 alfajiri, saa 10:59, wanaume hukimbia na magari makubwa ya sherehe ya Yamakasa mabegani. Kutazama barabarani ni bure.

Kabla hujapanda ndege

Mkenya anahitaji viza ya Japani, na mojawapo ya vitu utakavyoulizwa ni ushahidi kwamba una pesa za safari. Anza kuweka akiba kwenye akaunti mapema badala ya kuingiza pesa nyingi kwa mkupuo wiki ya maombi.

Kisha kagua haya:

1. Kadi zako zimefunguliwa kwa matumizi ya nje, na benki inajua tarehe zako.
2. Roaming ya SMS imewashwa na umejaribu OTP.
3. Una yeni 10,000 za dharura zilizofichwa mbali na pochi, mbali na bajeti.
4. Namba ya huduma kwa wateja umeiandika kwenye karatasi. Japani iko mbele yetu kwa saa 6: kadi ikikataa saa mbili asubuhi kule, hapa ni saa nane usiku.
5. Namba za dharura za Japani unazijua: polisi 110, gari la wagonjwa na zimamoto 119. Ukipoteza pochi, nenda kituo kidogo cha polisi kilicho karibu, kinaitwa koban. Vitu vilivyookotwa hupelekwa huko mara nyingi.

Jaribu kila kadi mara moja ukiwa bado hapa Kenya, hata kwa kitu cha shilingi mia. Ikigoma hapa, ni simu moja kwa benki. Ikigoma Hakata, ni usiku mzima.