Mtunzi Asiyejua Mwisho wa Kisa Chake

Apandaye matatu Nairobi kuelekea Thika, afikapo upande wa Githurai, kabla ya Ruiru, atawasikia makanga wakiita, "Kimbo! Kimbo!" Mgeni kutoka pwani huenda akadhani panauzwa mafuta ya kupikia, kumbe ni mtaa, tena wenye watu tele. Si mbali na hapo lipo gereza la Kamiti, na humo swali moja la watunzi lilipata mtihani mkali: je, yafaa mtu aanze riwaya bila ya kuupanga msuko wake?

Sisi watu wa tenzi swali hili ni geni kwetu. Bwana Mwengo wa Pate, alipotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, kisa alikipokea. Kazi yake ilikuwa kukivika nguo. Hata katika riwaya, marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja hakuwa na budi kumjua muuaji mapema. Asipomjua yeye, Bwana Msa wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960) atavuta kiko chake bure.

Lakini mfungwa apange wapi? Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?" Humo Kamiti aliandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni, nayo yakatoka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Waama, mshairi ana kamba ya kushika. Vina na mizani humvuta toka ubeti hadi ubeti, na karatasi ikipotea shairi li kifuani.

Mwandishi wa riwaya hana kamba hiyo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini siku ya mwisho ya 1977, baada ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda uliochezwa Kamirithu, Limuru. Naye akaandika juu ya karatasi zile zile, ngumu zisizofaa mwili lakini zikapokea kalamu vyema. Karatasi ya kufichwa haina anasa ya rasimu nne wala ya ramani ya kila sura.

Basi tazama kisa chake kilivyojengwa. Wariinga, msichana wa shule, alitiwa mimba na tajiri mzee kisha akatupwa. Hilo ni deni, na msomaji hukaa akingoja lilipwe. Baada ya hapo mwandishi ampandisha Wariinga matatu pamoja na abiria wasiojuana. Katika matatu kila mtu ana kinywa chake: huyu asema ya kazi, yule ya vita vya uhuru, na mwandishi hana haja ya kujua neno la kesho maadamu gari linakwenda. Ndiyo hila ya Shahrazad katika Alfu Lela u Lela: kisa huzaa kisa, na shida iliyoanzisha yote ingali mlangoni.

Mimi siisifu njia hii kupita kiasi. Wezi na wanyang'anyi wa Ilmorog, kila mmoja akijigamba pangoni, hunena mpaka msomaji akapiga miayo; apangaye mapema angewapunguza. Walakini wale vijana wanaoniletea miswada na kuniambia ati hawapangi chochote, mara nyingi hata deni hawana. Wana abiria na gari, basi.

Kazi ilipokaribia kwisha, askari walipekua chumba wakazitwaa karatasi zote. Baadaye alirudishiwa. Akaachiliwa tarehe 12 Desemba, 1978, na kitabu kikatoka kwa Kikuyu mwaka 1980, Caitaani Mũtharaba-inĩ. Kwa Kiswahili ni Shetani Msalabani. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua kwa sauti, majumbani na hata vilabuni, na msikilizaji akidai sura nyingine kabla ya kwenda zake.