Vigingi Vinne na Kisima cha Maweni

Wahariri wa kitabu chetu wameniomba nieleze kazi niliyosomea, kwani hapa Ilford hakuna harusi ninayokwenda nisiulizwe: "Mwanangu, hiyo jiofizikia ndiyo kuchimba mafuta?" Siyo. Ni kuipima ardhi kabla mtu hajaichimba.

Tulianza na pendulamu. Saa ya pendulamu iliyorekebishwa Ilford, ukiipeleka Unguja, itachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku, kwa kuwa mvutano wa dunia ni mdogo zaidi karibu na ikweta. Kwa pendulamu Bwana Bullard wa Cambridge alizunguka Afrika Mashariki mwaka 1933 na 1934, akapima mvutano huo hata katika Bonde la Ufa.

Lakini lililonishika mimi ni umeme. Maabara tulijaza mchanga katika sanduku, tukautia maji ya bomba, tukapima ukinzani. Kisha mwalimu akatia chumvi, na mshale wa mita ukaanguka pale pale. Maji ya bahari yana ukinzani wa ohm-mita 0.2 hivi, maji matamu huzidi hayo mara nyingi. Basi nikakumbuka kisima cha kwetu.

Mazoezi ya nje tulifanya uwanjani, Ilford hii hii, ambako mwaka 1864 lilifukuliwa fuvu la ndovu wa kale katika udongo wa matofali. Unapigilia vigingi vinne katika mstari, masafa sawa. Viwili vya nje hupitisha mkondo, viwili vya ndani husoma volti. Ukivitanua, umeme hushuka chini zaidi. Changarawe ya juu ilitoa tarakimu kubwa. Tulipofikia udongo mzito wa London zikateremka.

Mwaka 1987 nikaenda na vigingi vyangu kijijini kwa mama, mashariki ya Unguja, kwenye maweni. Visima vilikuwa vimeanza kukolea chumvi, na wazee walikwisha changa fedha wachimbe zaidi kwenda chini na kufunga pampu. Kigingi hakishiki katika jiwe la tumbawe, kwa hiyo nikawa namwagia kila kimoja maji ya chumvi ili umeme upite. Shangazi akanitazama.

"Umetoka Ulaya kutafuta maji matamu, nawe unamwaga ya chumvi?"

Vigingi vilipokaribiana, ukinzani ulikuwa mkubwa. Nilipovitanua ukaporomoka kama ule wa sandukuni. Maana yake maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, na kanuni ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake. Ukiyavuta kwa nguvu yakashuka mita moja tu, chumvi hupanda kwa hesabu hiyo hiyo.

Kuwaambia watu waliokwisha changa fedha kwamba pampu itawaharibia ni kazi nzito kuliko kubeba betri ya gari juani. Vijana walinuna, mmoja alisema nimelipwa nije niwazuie maendeleo. Wazee wakaomba nipime tena, maji yakijaa na yakitoka, nikapima siku nne. Tarakimu hazikubadilika sana.

Kisima kilichimbwa upande wa bara, kifupi, cha kuteka kwa ndoo. Pampu iliuzwa. Shangazi alikuwa wa kwanza kuonja, akatema mate ya tambuu kwanza, akanywa, akaniomba nimjazie mtungi.